Tapeli Aliyeambiwa Kila Kitu: Uchambuzi wa Kisa cha Kikoba Kimoja cha Kibirizi

Kisa hiki kilitokea Kigoma mjini siku ya Jumatano, katikati ya Julai 2024, na hakikuchukua hata saa tatu. Katika muda huo, wanachama 9 wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha akina mama wanaofanya biashara ya dagaa na migebuka katika mwalo wa Kibirizi walituma jumla ya shilingi 785,000 kwa mtu wasiyemjua, huku kila mmoja akiamini kwamba anafuata maelekezo ya mhazini wake. Mimi si mwanachama wa kikoba hicho. Siku mbili baada ya tukio niliitwa na katibu wao, ambaye ni jirani yangu, nimsaidie kupanga maelezo ya kupeleka polisi, na kwa sababu hiyo nilipata nafasi ya kusoma mazungumzo yote ya kundi lao la WhatsApp, ujumbe mmoja baada ya mwingine, pamoja na taarifa za miamala zilizobaki katika simu za waliotuma fedha. Majina nimeyaacha kwa ombi lao. Nitawataja kwa nafasi zao katika kikundi.

Nilianza kusoma nikitarajia kukutana na mtu hodari aliyekichunguza kikundi kwa wiki kadhaa, akajua madeni yao, tabia zao na siri zao, kwa maana ndivyo wahusika wenyewe walivyokuwa wakisimulia. Baada ya kusoma mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nilianza kupiga mstari chini ya kila jambo alilolisema tapeli ambalo lilikuwa la kweli, kisha nikatafuta mahali jambo hilo lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Karibu kila mara lilikuwa limetajwa na mwanachama, dakika moja au mbili kabla ya tapeli kulitamka. Hilo ndilo lililonifanya niandike uchambuzi huu.

Ili msomaji aelewe kwa nini maneno machache yalitosha, ni lazima ajue hali ya mwezi ule. Serikali ilikuwa imepumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na kwa akina mama wa mwaloni miezi hiyo mitatu ilikuwa na maana moja tu: mzigo hakuna. Wapo waliohamia kwenye mawese, wapo waliojaribu unga wa muhogo, lakini marejesho ya kikoba hayakupumzika pamoja na samaki. Wakati huohuo, mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, na habari za kurejeshwa kwake kuanzia Julai 2024 zilikuwa zimeshatangazwa. Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizotajwa kuanza utaratibu mpya wa kupitisha mikopo hiyo benki. Habari hizo zilikuwa midomoni mwa watu wote sokoni Mwanga, na kila aliyekutana na mwenzake aliuliza kama kuna lolote limetoka.

Asubuhi ya siku hiyo, muda mfupi baada ya saa tatu na nusu, mhazini alipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mteja wake wa Tabora, mwanamke ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akimpelekea dagaa kwa treni na ambaye hawajawahi kudhulumiana hata senti. Ujumbe ulisema kwamba kuna tarakimu sita alizozituma kimakosa kwenye simu ya mhazini, na kwamba anaomba arudishiwe haraka kwa sababu anazihitaji. Kweli, ujumbe mfupi wenye tarakimu sita ulikuwa umeingia. Maelezo yake yalikuwa kwa Kiingereza, na mhazini husoma Kiswahili tu. Maelezo hayo yalikuwa yakimwonya asimpe mtu yeyote tarakimu zile. Yeye akazinakili na kuzituma, akaongeza na salamu kwa watoto.

Wengi waliosikia sehemu hii walimcheka, na mimi sioni cha kuchekesha. Kwetu, mtu akikwambia kwamba kitu chake kimeingia kwako kimakosa, ustaarabu ni kukirudisha, na yule anayekawia kurudisha ndiye anayetiliwa shaka. Tapeli aliutumia uungwana huo kama ufunguo. Mteja wa Tabora naye alikuwa ameshanyang'anywa akaunti yake jana yake kwa njia ileile, kwa hiyo aliyekuwa akiandika hakuwa yeye. Dalili moja ilikuwepo, na mhazini aliikumbuka baadaye: mteja huyo siku zote humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, lakini asubuhi ile ujumbe ulimwita "dada".

Ni vyema kueleza kilichofuata kiufundi, kwa kuwa watu wengi mjini hapa bado wanadhani kwamba laini ya mhazini iliibwa au simu yake ilidukuliwa kwa mitambo. Akaunti ya WhatsApp hufunguliwa katika simu yoyote kwa kuandika namba ya simu ya mwenyewe, kisha tarakimu sita zinazotumwa kwenye laini yake. Anayezipata tarakimu hizo huihamishia akaunti kwenye simu yake, na simu ya mwenyewe hutolewa. Laini hubaki kwa mwenye laini. Akipigiwa simu ya kawaida anapokea, akitumiwa ujumbe mfupi unamfikia. Kama mhazini angekuwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili, ambao ni namba ya siri ya ziada anayoichagua mtumiaji mwenyewe katika mipangilio ya akaunti, tarakimu zile sita peke yake zisingetosha. Hakuwa ameiwasha, na katika kikundi cha watu 27 hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiwasha. Badala yake aliiwasha tapeli, kwa namba yake mwenyewe, ili mhazini asirudi kwa urahisi.

Jambo la pili la kuzingatia ni kile alichokiona tapeli baada ya kuingia. Mazungumzo ya zamani hayahami pamoja na akaunti, isipokuwa kama mtu anaweza pia kuifikia nakala ya akiba iliyohifadhiwa, na hapa hakukuwa na dalili kwamba alikuwa nayo. Aliona jina la kundi lenye maneno "kikoba" na "akina mama", orodha ya namba za wanachama, na kwamba akaunti aliyoishika ndiyo pekee yenye mamlaka ya usimamizi wa kundi. Hakujua kama wanauza samaki au vitenge, wala kwamba ziwa limefungwa. Mhazini anaitwa nani nyumbani, nani anadaiwa, nani ni ndugu wa nani, yote hayo yalikuwa giza kwake.

Saa nne na dakika kumi akaandika ujumbe wake wa kwanza. Naunukuu ulivyo: "Habari za asubuhi wapendwa. Kuna taarifa nzuri imetufikia kuhusu fedha. Nani yuko hewani?" Hebu usome tena. Haumtaji mtu, hautaji ofisi, hautoi kiasi wala tarehe. Ungeweza kutumwa kwa kikundi chochote cha watu wazima popote nchini. Wavuvi wa dagaa huwasha taa usiku wa giza na kungoja, na dagaa huja wenyewe. Sijui kama tapeli yule amewahi kuliona ziwa, lakini kazi yake ilikuwa ya aina hiyo.

Mwanachama wa kwanza alijibu baada ya dakika mbili, akiuliza kama ni ile mikopo ya halmashauri. Wa pili akadakia kwamba afisa maendeleo alisema itatoka mwezi huu. Ndipo mhazini bandia akaandika kwamba ndiyo, ni hiyo ya halmashauri, na afisa maendeleo amempigia sasa hivi. Wa tatu akauliza kama itapitia benki kama ilivyotangazwa. Akajibiwa kwamba ndiyo, itapitia benki, na kila mmoja atafunguliwa akaunti. Wa nne, ambaye kwa maoni yangu alifanya kosa kubwa kuliko wote bila kujua, akauliza fomu na akaunti ni shilingi ngapi, ilhali hakuna aliyekuwa ametaja malipo ya fomu. Jibu lilichukua dakika sita, muda mrefu kuliko majibu yote yaliyotangulia, na nadhani dakika hizo sita tapeli alikuwa akipima kiasi ambacho mtu anaweza kukipata bila kwenda kukopa kwa mwingine. Akaandika 48,500, akataja namba ya kutumia, akasema mwisho ni saa saba mchana kwa kuwa orodha inafungwa.

Miongoni mwa watu 27 hao walikuwepo waliojua vizuri kwamba mikopo hiyo hupewa kikundi kilichosajiliwa, kwamba maombi hupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kwamba malipo halali ya serikali hutolewa kumbukumbu namba, ile inayoitwa mitaani kontrolo namba, si namba ya simu ya mtu. Kikoba hicho kiliwahi kujaza fomu za mkopo huo kabla haujasimamishwa, na wakati ule hakuna aliyetoa hata shilingi. Nakala ya fomu hizo ninayo hapa mezani. Ilikuwa kwenye faili la katibu, chini ya kitanda chake, siku yote ya tukio. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba walikosa elimu. Walikuwa na elimu yote iliyohitajika, ila walipewa saa mbili na nusu, wakiwa na njaa ya mtaji ya miezi miwili, na sauti iliyowahimiza ilikuwa ya mtu waliyemkabidhi ufunguo wa sanduku kwa miaka mitano.

Muamala wa kwanza ulitumwa saa nne na dakika thelathini na moja. Wanaotumia huduma za fedha kwa simu wanajua kwamba kabla ya kuweka namba ya siri, simu humwonyesha mtumaji jina lililosajiliwa la mpokeaji. Lilitokea jina la mwanamume. Mwanachama aliyekuwa anatuma alisita, akauliza kundini mbona jina ni la mwanamume. Tapeli hakuwa amejibu bado pale mwanachama mwingine alipoandika kwamba huenda ni mhasibu wa benki. Sekunde chache baadaye mhazini bandia akathibitisha: ndiyo, ni mhasibu. Kuanzia hapo, kila aliyeuliza kuhusu jina alijibiwa na wenzake, na tapeli hakuhitaji kuandika neno. Watu 7 walituma 48,500 kila mmoja. Wa nane alituma 145,500, yake na ya wenzake wawili ambao hawakuwa na salio, kwa moyo mzuri kabisa.

Wa tisa ni habari nyingine. Huyu ni wifi wa mhazini, na alimwandikia pembeni, nje ya kundi, kumpongeza: "Hongera wifi kwa kazi." Kwa neno hilo moja tapeli alipata undugu asioujua. Akajibu, "Asante wifi yangu," akaongeza kwamba yuko kwenye kikao na viongozi, fedha zake zimekwama kwenye simu, anaomba amkopeshe 300,000 ili kuwalipia wanachama wasio na uwezo wasije wakakosa, na jioni atamrudishia. Wifi huyo alijaribu kumpigia kwanza. Alipiga kwa WhatsApp, kwa kuwa alikuwa na bando la intaneti na hakuwa na muda wa maongezi, na simu ya WhatsApp iliita mkononi mwa tapeli, ambaye aliikata na kuandika kwamba hawezi kupokea akiwa kikaoni. Wifi akaridhika kwamba amehakiki, akatuma. Kati ya yote niliyoyasoma, hapa ndipo nilipofunga simu na kutoka nje kupunga upepo. Alifanya lile ambalo kila mtu hushauri, yaani kupiga simu kabla ya kutuma, isipokuwa alipiga kwa njia ileile iliyokuwa imeibwa. Tofauti kati ya simu ya kawaida na simu ya WhatsApp, kwake na kwa wengi wetu, ni tofauti ya gharama tu; hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zinaweza kupokewa na watu wawili tofauti.

Aliyevunja mchezo ni mwanachama mkubwa kwa umri kuliko wote, bibi muuza mawese anayetumia kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyo na WhatsApp. Ujumbe wa kundi humfikia kwa kusomewa na mjukuu wake, ambaye namba yake ndiyo iliyoingizwa kundini. Mjukuu aliniambia kwamba alipomaliza kumsomea ujumbe wa saa nne na dakika kumi pamoja na yote yaliyofuata, bibi hakuuliza kuhusu mkopo. Aliuliza, "Amesalimiaje?" Mhazini halisi husalimia kwa Kiha kwanza, hata kwenye WhatsApp, ndipo aingie kwenye Kiswahili cha mambo ya fedha. Bibi akauliza tena kama ametaja msiba. Jumatatu ya wiki hiyohiyo mwanachama mmoja alikuwa amemzika mama yake, na mhazini ndiye aliyekusanya rambirambi. Kwa bibi, mtu aliyetoka makaburini juzi hawezi kuamka na habari za fedha bila kuulizia wafiwa wameamkaje. Akaagiza apigiwe mhazini, na kwa kitochi hakuna namna nyingine ya kupiga ila ya kawaida. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Mhazini alipokea mara ya kwanza ilipoita. Alikuwa Katonga kwa dada yake, hana habari na lolote.

Mjukuu akaandika kundini kwamba aliyeko kundini si mhazini, wamempigia mwenyewe. Chini ya dakika moja akaondolewa kundini. Wanachama waliokuwa hewani waliona taarifa ya kuondolewa kwake, na nilipowauliza waliielewaje, wawili walinijibu bila kuficha kwamba walidhani bibi anaadhibiwa, kwa kuwa alikuwa nyuma kwa marejesho ya mwezi Juni. Mwingine aliyejaribu kurudia onyo hilo aliondolewa pia. Kundi lilikuwa na msimamizi mmoja tu, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine mwenye uwezo wa kumtoa tapeli au kuwarudisha waliotolewa. Mwenyekiti alikuwa ndani ya basi akielekea Kasulu, na hata kama angepatikana, asingeweza kufanya chochote ndani ya kundi. Miamala miwili ya mwisho ilitumwa baada ya onyo la mjukuu.

Mhazini mwenyewe alitumia karibu nusu saa kuwapigia wanachama mmoja mmoja, kwa wale ambao namba zao alizikumbuka au alizipata kwa dada yake. Alipojaribu kufungua WhatsApp, ilimtaka aandikishe namba upya. Akaandika, tarakimu sita zikaja, akaziingiza, kisha akaulizwa namba ya siri ambayo hakuwahi kuiweka. Akaona ameshindwa, akaiweka simu chini na kulia. Hakujua kwamba alikuwa ameshinda. Mtu anapoingiza zile tarakimu sita zilizokuja kwenye laini yake, aliyeiteka akaunti hutolewa papo hapo, hata kama mwenye akaunti haijui ile namba ya siri ya ziada. Kinachobaki ni kusubiri siku 7 ndipo aruhusiwe kuingia bila namba hiyo. Ujumbe wa mwisho wa tapeli kundini ni wa saa sita na dakika hamsini na tano, na umeishia kwenye ahadi ya kuwatumia wote picha ya orodha. Picha haikuja. Kwa siku nzima iliyofuata kikoba kiliendelea kuogopa kundi ambalo tapeli hakuwemo tena, na wengine walikuwa wakimtukana humo wakidhani anasoma.

Upande wa fedha hauhitaji maneno mengi. Mmoja kati ya waliotuma alipiga namba 100 ya huduma kwa wateja dakika chache baada ya kupata simu ya mhazini, akaeleza kwamba ametapeliwa, na 48,500 yake ikazuiwa kabla haijatolewa. Alirudishiwa baada ya siku kadhaa. Wengine walianza kujadiliana kwanza nani wa kulaumiwa, na walipopiga saa kumi jioni waliambiwa fedha zimeshatolewa kwa wakala. Hasara iliyobaki ni 736,500. Namba iliyopokea fedha waliituma kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli. Polisi walifungua jalada na kuwapa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yao. Katika maelezo tulitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inakataza udanganyifu kwa kutumia kompyuta na, katika kifungu cha 15, kujifanya mtu mwingine kupitia mfumo wa kompyuta. Baadhi ya akina mama walikasirika kwamba kampuni ya simu haikuwapa wao moja kwa moja taarifa za mwenye namba. Niliwaeleza kwamba taarifa za mteja zinalindwa na sheria na hutolewa kwa polisi wanaopeleleza, na kwamba hata wao wasingependa namba zao zitolewe kwa kila anayelalamika dirishani.

Kuhusu lile jina la mwanamume, niliwasihi wasilitangaze mitaani, na bado nasimamia ushauri huo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, watu wanaamini kwamba jina linalotokea ndilo la mwizi. Lakini wapo wasajili wa barabarani wasio waaminifu ambao humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, arudie, na kwa kidole cha pili wanasajili laini nyingine wanayokwenda kuiuza. Nilipowataka wote wapige *106# ili waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, katibu mwenyewe alikuta laini moja asiyoijua. Alikaa kimya kidogo, kisha akaliendea lile jina la mwanamume alilokuwa ameliandika kwa herufi kubwa ukutani, akalifuta.

Siku ya tatu ikaja simu. Mwanamume mwenye sauti ya kiofisi alimpigia katibu akijitambulisha kuwa ni wa kitengo cha makosa ya mtandao, akasema muamala wao umeonekana na unaweza kufunguliwa kwa ada ya 30,000. Siwezi kuthibitisha kwamba alikuwa mtu yuleyule, ila namba zote za wanachama zilikuwa zimeonekana na aliyeliteka kundi. Tulikuwa pamoja wakati ule, simu ikiwa kwenye spika, na katibu aliyekuwa ameisoma nami ile orodha ya mistari niliyoipiga kwa kalamu hakubishana naye wala hakumwambia lolote. Alimuuliza, "RB yetu ni namba ngapi?" Yule bwana akamwomba amkumbushe. Katibu akasema, "Wewe ndiye mwenye jalada, nisomee." Akaulizwa tena kama fedha zilitumwa siku gani, na tena hakujibu, alirudia swali lake. Simu ikakatwa. Katika mazungumzo yote ya kisa hiki, hayo ndiyo pekee ambayo tapeli hakuondoka na neno moja la kweli kutoka kwa aliyekuwa akizungumza naye.

Ndani ya kikoba, jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa nani alipe. Katiba yao inasema mhazini anawajibika kwa fedha zote alizozipokea, na wapo waliotaka kifungu hicho kitumike. Nilipoombwa maoni nilisema kwamba fedha hizi hazikupita mkononi mwake wala kwenye sanduku, na kwamba yeye ni mwathirika wa kwanza. Hoja hiyo iliwaridhisha wengi ila si wote. Waliafikiana kila aliyetuma abebe hasara yake, na mfuko wa jamii wa kikoba uwape mkopo mdogo wasio na mtaji kabisa, ulipwe ziwa litakapofunguliwa. Yule aliyewalipia wenzake wawili alirudishiwa na mmoja. Wa pili anasema hakumtuma. Zile 300,000 za wifi waliziacha kwa familia, na mpaka naandika haya, wifi hao wawili wanasalimiana kwa shida.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mhazini akiwa amesharudi kwenye akaunti yake, walikutana kama kawaida, nami nikaenda kuwaonyesha namna ya kuwasha ule uthibitishaji wa hatua mbili, simu moja baada ya nyingine, kazi iliyochukua mchana mzima kwa sababu nusu ya simu zilikuwa na skrini zilizopasuka na lugha ambazo hakuna aliyezichagua. Waliongeza wasimamizi wa kundi wakawa watatu, na wakakubaliana kwamba ujumbe wowote wa fedha ni batili mpaka mwenye kuutuma apigiwe kwa simu ya kawaida. Tulipomaliza, katibu, ambaye ni mtu wa utaratibu, alifungua leja ya kikundi, akachora safu mpya pembeni mwa hisa, akaanza kuuliza mmoja mmoja namba ya siri aliyoichagua ili aiandike humo isije ikasahaulika. Watatu walikuwa wameshamtajia pale bibi wa mawese alipoinyoosha mikono yake, akaivuta leja taratibu mbele ya katibu, akaifunga na kuikalia.